Anayelipa kila mwezi na hadithi isiyo na mwisho

Tarehe 5 Agosti, 2019, kampuni ya Netflix ya Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea na mchezo wake wa televisheni uitwao The OA. Kwa watu wengi habari hiyo ilikuwa ndogo. Michezo huanzishwa na kuachwa kila mwaka, na mtu aliyetoka kazini amechoka hutafuta mwingine wa kutazama. Lakini kwa wapenzi wa mchezo huo, ambao walikuwa wakiingojea sehemu ya tatu, lilikuwa ni pigo.

Sababu haifichiki. Brit Marling na Zal Batmanglij, ambao ndio walioubuni mchezo huo, walikuwa wamekwisha eleza kwamba hadithi yao imepangwa katika sehemu tano. Sehemu ya kwanza, yenye vipindi 8, ilitoka Desemba 2016. Ya pili, yenye vipindi 8 vilevile, ikatoka Machi 2019. Inahusu msichana kipofu aliyepotea kwa miaka saba, kisha akarudi kwao akiwa anaona. Yaliyompata hawasimulii wazazi wake wala wapelelezi. Huwakusanya usiku vijana wanne pamoja na mwalimu mmoja wa shule, katika nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, akawafundisha mienendo mitano ya mwili ambayo, ikitendwa kwa pamoja na kwa moyo mmoja, humfungulia binadamu njia ya kwenda ulimwengu mwingine. Sehemu ya pili ilikomea pale msichana huyo alipoangukia katika ulimwengu ambamo yeye mwenyewe ni mwigizaji katika mchezo unaotengenezwa, naye amejeruhiwa na amepakiwa katika gari la wagonjwa. Hapo ndipo msimulizi alipokatizwa.

Matumaini yana ukaidi wake. Kwa kuwa hadithi yenyewe ilikuwa imevuka mpaka kati ya mchezo na maisha ya kweli, baadhi ya wapenzi waliamini kwamba hata tangazo la kuufuta mchezo lilikuwa ni sehemu ya hadithi, na kwamba siku moja pazia lingefunuliwa. Wengine hawakungoja miujiza. Walitia saini maombi, wakachanga fedha zao na kukodi bango la matangazo huko Times Square, New York, na wakakusanyika hadharani kuitenda ile mienendo mitano. Mbele ya jengo la kampuni huko Hollywood alisimama mwanamke mmoja aliyeamua kususia chakula.

Wapo waliocheka. Watu wazima, walisema, wanalilia msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa! Kicheko hicho ni chepesi mno. Hakuna haja ya kukubali kwamba kufunga kula ni njia ya busara ya kudai mchezo wa televisheni ili kutambua kwamba madai yenyewe yalikuwa na haki ndani yake. Tangu zamani, msimulizi anaposema paukwa na wasikilizaji wakaitikia pakawa, pande mbili zimekwisha funga mapatano. Msikilizaji hutoa masikio yake na usiku wake; msimulizi naye hana ruhusa ya kuinuka katikati na kwenda zake, eti kwa sababu waliokaa barazani ni wachache kuliko alivyotazamia.

Netflix huwaangalia hao waliokaa barazani kwa namna yake. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba huwahesabu wanaoanza kuutazama mchezo, wanaoendelea nao na wanaoumaliza, katika siku 7 na siku 28 za mwanzo. Hesabu hiyo hupimwa na gharama. Kwa mwenye mtaji ni hesabu ya kawaida, na haifai kumlaumu mfanyabiashara kwa kujua bei ya bidhaa yake. Kosa ni kudhani kwamba siku 28 zinaweza kupima kitu kilichokusudiwa kusimuliwa kwa miaka kumi. Aidha, kipimo hicho humwadhibu mtazamaji mwenye subira. Akingoja mpaka ajue kwamba hadithi itakamilishwa ndipo aanze kuitazama, kungoja kwake huhesabiwa kuwa ni kutopenda, na hadithi hufutwa.

Mfano wa Lucifer, mchezo mwingine wa mambo yasiyo ya dunia hii, unafundisha zaidi. Huo ni wa shetani aliyeihama jehanamu na kufungua klabu ya usiku mjini Los Angeles. Shirika la Fox liliufuta Mei 2018 baada ya misimu mitatu, wapenzi wakapiga kelele dunia nzima, na Juni mwaka huohuo ukaokolewa. Aliyeuokoa ni nani? Ni Netflix hiyohiyo, ambayo iliuendeleza hadi msimu wa sita, Septemba 2021. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kampuni hiyo ni kiziwi. Lakini Lucifer ulikuwa ukitengenezwa na Warner Bros., na mtengenezaji huyo aliweza kuupeleka kwa mnunuzi mwingine. The OA ulitengenezwa kwa ajili ya Netflix yenyewe, na haukupata pengine pa kwenda. Machozi ya wapenzi wa michezo hiyo miwili yalikuwa na chumvi sawa. Kilichotofautiana ni hati za miliki.

Ni kweli pia kwamba wapenzi nao wana makosa yao. Wapo wasiotaka hadithi iishe kamwe, na hadithi nyingi nzuri zimeharibiwa kwa kurefushwa kama uji unaotiwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Hao hawastahili kutetewa. Waliodai sehemu ya tatu ya The OA hawakuomba mchezo wa milele, bali safari ifike mahali ambapo tangu mwanzo iliambiwa itafika. Kampuni inayopokea ada ya kila mwezi kutoka kwa mamilioni ya watu haishindwi kugharamia japo vipindi viwili vitatu vya kumalizia kila hadithi inayoikatiza. Na ikiona gharama hiyo ni kubwa, basi iwarudishie waandishi haki zao wakatafute pa kuimalizia.

Wakati yule mwanamke alipokuwa bado amesimama nje ya jengo, Brit Marling na Zal Batmanglij walimwendea, wakampelekea maji na chakula. Watunzi wa hadithi na mtazamaji wao walizungumza pale pale kando ya barabara. Uamuzi kuhusu sehemu ya tatu ulikuwa ndani ya jengo, na wote watatu walikuwa nje.