Kupitisha umeme: ndiyo ao hapana?



Katika fizike tunaandika kila mwaka mistari miwili: huku vitu vinavyopitisha umeme, shaba, chuma, kobalti; kule vinavyoukataza, kioo, mpira, oksidi ya aluminyumu. Mimi naona mistari ile inatuficha jambo kubwa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu. Tunajua inauzwa, lakini tabia yake hatuijue.

Kuna wataalamu wanaotengeneza ngozi nyembamba sana ya kobalti na oksidi pamoja. Punje za kobalti, za nanometa chache tu (nanometa 1 ni milimetre moja iliyogawanywa mara milioni), zinakaa ndani ya oksidi kama visiwa ndani ya ziwa. Tuiandike mustari gani? Kobalti ikiwa nyingi, punje zinagusana, umeme unapita. Ikipunguka, visiwa vinaachana, na elektroni inalazimishwa kuvuka oksidi toka kisiwa hata kisiwa. Hapo mambo yanageuka. Chuma cha kawaida kikipoa kinapitisha umeme vizuri zaidi. Ngozi hii ikipoa inaukataza zaidi, juu elektroni inaomba nguvu ya joto ili iingie katika punje ndogo vile.

Tena kila punje ni sumaku. Joto linazizungusha, moja inatazama huku, ingine kule. Ukileta sumaku ya nguvu, zote zinatazama upande mmoja, na elektroni inavuka kwa urahisi. Katika 1972 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuchunguza nikeli na oksidi ya silisiyumu. Katika 1995 Wajapani, na ngozi ya kobalti, aluminyumu na oksijeni, walionyesha rezistansi inashuka karibu 8%, pasipo kupoza kitu.

Wengine watasema: hayo ni ya iniversite, Mtihani wa Serikali hauyaulize, na mashine hatuna. Ni kweli, ule mruko wa elektroni hatutauonyesha hapa. Lakini kugusana na kuachana kwa punje, hayo yanawezekana kabisa. Twange fimbo nyeusi ya pili ya zamani, tuchanganye unga wake na mchanga mukavu, tujaze katika mrija wa kalamu, musumari huku na musumari kule, na kipimo cha ohm. Tuongeze mchanga kidogo kidogo. Rezistansi haitapanda polepole tu; itafika pahali itaruka. Naomba saa moja ya fizike kwa kazi hiyo, mbele ya mitihani. Mapili yaliyokufa tutayaleta sisi wenyewe.