Pikipiki Aliyoiacha Marehemu

Safu hii imezoea kuzungumzia masufuria, mashuka na akiba ya jikoni. Leo niwieni radhi, nina habari ya pikipiki.

Kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi Kisumu, mtaa wa Kaloleni, na kazi yake ilikuwa kuwazungukia wakulima wa mpunga upande wa Ahero. Aliacha mke, watoto watatu na Yamaha DT 125 kuukuu: nyepesi, imeinuka juu, na katika tope jeusi la kule haina mfano. Ni jamaa ya zile pikipiki za mashindano ya Ulaya, ambapo mpandaji hupita juu ya mawe na magogo bila kutia mguu chini. Eda ilipokwisha, wifi yangu alishauriwa aiuze kama chuma chakavu. Alikataa. Mwanawe mkubwa angeiendesha, na maandazi yake yangefika madukani mapema.

Nilipokwenda kuwazuru niliikuta imefunguliwa uani, juu ya jamvi, skrubu zimepangwa katika sahani ya bati. “Shangazi, injini ilikwama,” akaniambia kijana, macho chini.

Walikuwa barabara ya Ahero, mama yake nyuma, mara gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka. Akabana klachi papo hapo, gurudumu likafunguka, wakaserereka hadi ukingoni. Nyuma yao lilikuwa likija lori. Baba yake alimfundisha tangu mdogo kwamba katika injini ya aina hii vidole viwili visibanduke kwenye klachi. Wifi hakunieleza kwa simu. Alichelea nitamwambia auze. Naye alinijua vyema, kwani ndivyo ningelivyosema.

Sababu yake ilikuwa oili. Injini hizi za zamani zenye mipigo miwili huichoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana moshi wake ni wa buluu. Nazo mashine nyingi za boti za wavuvi ni za namna hiyo hiyo. Kijana alipoishiwa, akaenda Dunga, ufuoni, akanunua oili ya boti kwa bei nafuu. Ukiitazama, huoni tofauti. Lakini mashine ya boti hupozwa na maji ya ziwa, ilhali pikipiki hupozwa na upepo tu, na joto lake ni kali zaidi. Oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini baridi huiacha pistoni bila kinga ya kutosha, na ringi zake hujaa masizi. Basi anayenunua asiseme tu “oili ya mipigo miwili”. Aseme ni ya pikipiki, na asome maandishi ya kopo.

Jambo jingine: DT hii ina tangi dogo la oili peke yake, na pampu yake huivuta yenyewe. Tangi likikauka, hewa huingia katika mpira, na hata ukilijaza tena pampu huweza kuvuta hewa tupu mpaka itolewe. Kulitazama kila asubuhi ni kazi ya muda mfupi kuliko kupuliza chai.

Fundi mmoja wa Kibuye aliichonga silinda, akatia pistoni iliyozidi ile ya kwanza kwa robo ya milimita. Mengine yalifanyika pale uani. Chujio la hewa ni sponji. Wifi aliliosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akalianika kivulini, kisha akalichovya katika oili na kulikamua. Fundi mwenyewe alikiri kwamba hajaona lililosafi kama lile. (Jikoni hufunza mengi.) Petroli ikahamishwa kutoka chupa ya soda, ambayo mtoto mdogo angeweza kuinywa, ikatiwa katika galoni yenye alama. Na injini haiwashwi tena ndani ya banda lililofungwa, kwani sumu iliyo katika moshi wake huua bila kunusika.

Lililonitia hofu zaidi ni mnyororo. Uko wazi, bati lake la kukingia lilikwisha kuvunjika zamani. Ile AG 100, Yamaha waliyoiunda kwa ajili ya mashambani, mnyororo wake umefunikwa wote. Huu wa DT unangojea pindo la buibui tu, na wifi yangu hukaa upande, miguu karibu na spoki. Nilikataa kuondoka mpaka fundi wa jua kali alipokata bati jipya na kulifunga kwa boliti. Wifi naye akaukaza mnyororo mwenyewe, akauachia uchezeke sentimita 3 hivi.

Oili ya boti iliyosalia alipewa jirani mwenye mashua.