TAHARIRI: Mlinzi Asiyehojiwa Hugeuka Bwana

Takriban mwaka 1812, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalitua Shela ili kuitiisha Lamu. Lamu ilishinda. Lakini kwa kuhofu kisasi, wakuu wake walimwita Sayyid Said wa Oman awalinde. Akaleta liwali na askari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikaa, akawa bwana. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwake. Majirani waliokataa kupatana wakatawaliwa na mmoja.

Ndivyo Waisraeli walivyomwomba Samweli mfalme wa kuwapigania, wakaonywa kwamba angetwaa mashamba yao.

Somo hilo latuhusu hata leo. Machi 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua kwa pamoja ujenzi wa bandari ya Lamu. Ushirikiano wa majirani ni jambo jema. Lakini mvuvi, ambaye bahari ndiyo shamba lake, hakushirikishwa ipasavyo. Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Hatupingi bandari. Tunachodai ni kwamba mapatano ya wakuu yasiwe badala ya ridhaa ya raia. Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe. Basi na washirikishwe kabla ya sahihi kutiwa, si baada ya hukumu kutolewa. Ndugu wananchi, hudhurieni mabaraza, ulizeni, na majibu yaandikwe.