China: Vyura wa kufugwa na hatima ya wale wa porini

Tarehe 24 Februari mwaka 2020, mlipuko wa COVID-19 ulipokuwa umepamba moto, Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma la China ilipiga marufuku ulaji wa wanyamapori wa nchi kavu, hata wale waliofugwa. Katika milima ya kusini mwa nchi hiyo likazuka swali: je, chura ni mnyama wa nchi kavu au wa majini?

Kwa wafugaji wa majimbo ya Zhejiang, Fujian na Jiangxi, hilo lilikuwa swali la riziki. Huko hufugwa yule ambaye wenyeji humwita chura wa mawe. Makazi yake ya asili ni vijito vya milimani. Dume lake huota miiba midogo myeusi kifuani, na nyama yake huuzwa kwa bei ya juu.

Ufugaji huo hudai subira. Maji sharti yawe safi, baridi na yenye kutiririka. Chura aliyekomaa huvutiwa na chakula kinachotikisika, hivyo hulishwa funza na minyoo hai. Hupita takriban miaka miwili kabla hajafaa kupelekwa sokoni. Aliyekopa fedha za kujengea mabwawa hawezi kubadili kazi kwa siku moja.

Jibu lilitoka mwezi Mei mwaka huohuo. Wizara ya Kilimo na idara kuu ya misitu zilitangaza kwamba aina kadhaa za vyura, akiwamo chura wa mawe, zitasimamiwa na mamlaka za uvuvi kama wanyama wa majini. Wafugaji wakashusha pumzi.

Hata hivyo, chura huyu yumo katika orodha ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya kuwindwa na kuharibiwa kwa makazi yake. Anayemnasa kijitoni usiku mmoja hana gharama ya miaka miwili ya malisho, na akishafika jikoni hakuna amtambuaye asili yake. Yapo pia maradhi: mwaka 2008 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liliorodhesha kuvu hatari wa amfibia miongoni mwa magonjwa ya kutolewa taarifa, na maji machafu ya mabwawa yaweza kuufikisha vijitoni.

Uamuzi wa 2020 uliokoa riziki za wafugaji. Iwapo utawanusuru pia vyura wa porini, hilo litategemea wakaguzi watakaodai uthibitisho wa asili ya kila shehena.