Tuwaue Panya, Tusiwaue Paka

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Bukoba na Muleba, panya hutoka vibanjani na kuhamia majumbani. Mwalimu hukuta madaftari ya wanafunzi yametafunwa, karani hukuta jalada limegeuzwa kiota, na mama wa nyumba hukuta kinyesi ndani ya debe la maharage. Kesho yake mtu hushuka sokoni, akanunua kijifuko cha sumu kisicho na jina wala maelezo, akaichanganya na dagaa na kuitupa pembeni mwa jiko. Siku ya tatu panya mmoja amekufa, na paka wa jirani naye amekufa.

Jambo hili limezoeleka mno, na ndiyo maana tunaona yafaa kulizungumza waziwazi na ndugu zetu watumishi wa umma na walimu, ambao mwenendo wa nyumba zao hutazamwa na kuigwa na majirani.

Hatusemi kwamba panya aonewe huruma. Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, homa ya mgunda iliwaua watu 3. Vijidudu vya ugonjwa huo huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Nasi wa Kagera tuna historia yetu wenyewe. Mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch aliandika habari za tauni iliyokuwa ikiwaua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Tauni huchukuliwa na viroboto, na panya anapokufa viroboto humkimbia na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo kuwaua panya wengi kwa pupa, na kuiacha mizoga yao darini, si usafi hata kidogo.

Sumu zenyewe hazifanani. Iko poda ya kijivu iitwayo zinki fosfaidi, ambayo ikikutana na tindikali ya tumbo hutoa gesi ya fosfini. Hiyo haina dawa ya kuitengua. Ziko nyingine zizuiazo damu isigande. Panya aliyekula sumu ya namna hii hafi papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa amelegea, naye ni windo jepesi kwa paka, bundi na mwewe, ambao hula nyama yake pamoja na sumu iliyobaki katika ini. Mnyama aliyedhurika kwa sumu hii aweza kuokolewa kwa vitamini K1 akiwahishwa kwa mganga wa mifugo. Lakini mganga atajuaje ampe nini, ikiwa kijifuko hakina jina? Na iwapo aliyeokota chambo ni mtoto atambaaye, swali hilo lina uzito gani? Viuatilifu vyote nchini hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, chini ya sheria ya mwaka 2020. Mtumishi anunuaye sumu isiyo na maandishi anaivunja kwa mkono wake sheria ambayo ofisini anaitetea.

Tena tunawaua wasaidizi wetu. Bundi hupigwa mawe kwa kuwa watu wamwona ndege wa uchuro, hali yeye usiku kucha anawinda panya vibanjani bila ujira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa katika makazi ya vijijini huko Eswatini, ulionyesha kwamba penye paka na mbwa pamoja, panya walipungua kujitokeza kula. Paka peke yake, au mbwa peke yake, hakutosha. Wafugao mbwa na kumfukuza paka, au kinyume chake, wayafikirie hayo.

Kazi yenyewe huanzia jikoni. Mkungu wa ndizi mbivu usilale sakafuni, utundikwe. Maharage na unga viwekwe katika pipa la bati lenye kifuniko, na mabaki ya chakula cha kuku yaondolewe kabla ya giza. Kisha zitazamwe kuta. Nyumba nyingi za Bukoba zilipata nyufa katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na ambazo hazikuzibwa hadi leo ni milango ya panya. Panya mdogo hupenya tundu lisilozidi unene wa kalamu ya risasi. Tundu lizibwe kwa wavu wa chuma na saruji, maana matambara na udongo huyatafuna usiku mmoja. Nyasi za kufunikia ardhi kibanjani zisiondolewe, kwa kuwa migomba na mibuni yazihitaji, ila kando ya ukuta paachwe hatua moja peupe.

Ndipo utegwe mtego wa chuma. Panya hupita akiambaa ukuta, basi mtego ukae hapo, ndani ya sanduku lenye tundu la kumtosha panya tu, ili paka na vifaranga wasiufikie. Chambo cha dagaa chafaa sana. Gundi hatuipendi: hunasa mijusi, ndege na hata watoto wa paka, na kinachonaswa hufa polepole kwa mateso. Na yule amnasaye panya hai na kwenda kumwachia ng'ambo ya uzio amempelekea jirani adha yake.

Nyumba za watumishi aghalabu zimejengwa safu moja chini ya dari moja. Mwalimu mmoja akitega na watano wasitege, atakuwa anawapokea panya wa wenzake kila usiku. Wakuu wa shule na wenyeviti wa mitaa na vitongoji wapange usiku kadhaa mfululizo ambapo kila nyumba, pamoja na ghala la chakula cha wanafunzi, itategwa kwa pamoja.

Pale ambapo sumu haiepukiki, iwe iliyosajiliwa, ikae ndani ya kisanduku kilichofungwa na kukazwa ukutani. Kila asubuhi mizoga iokotwe kwa mfuko wa plastiki, bila kuigusa kwa mkono mtupu, na ifukiwe chini kiasi ambacho mbwa hataweza kufukua. Pakiti yenye maandishi isitupwe mpaka kazi iishe, ili ikitokea ajali ipelekwe pamoja na mgonjwa.