Ukitoka asubuhi, mbwa unamwachia nani?

Jumamosi moja nilikuwa nafua uani, nikasikia jirani yangu anabisha hodi getini. Ni mama mtu mzima, tumepakana ukuta miaka mingi. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamvutia kiti. Akakataa kukaa.

“Mwanangu, nimekuja na neno moja tu. Huyu mbwa wenu analia kutwa nzima.”

Nikaanza kuomba radhi kwa kelele. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Sizungumzii kelele. Juzi saa saba mchana nilipanda ngazi kuchungulia. Mnyororo umejizungusha kwenye mwembe, ndoo imepinduka, jua lote liko juu yake. Mimi mbwa simgusi, unajua. Nikachukua mpira wa maji nikammiminia juu ya ukuta. Kumnywesha mnyama mwenye kiu ni thawabu.”

Mpenzi msomaji, siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Mtu ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi ndiye aliyemwona mbwa wangu, na mimi ninayejiita mwenye mbwa sikumwona.

Sisi, kama wakazi wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, tunatoka nyumbani saa 11 alfajiri kukwepa foleni na tunarudi saa 2 usiku. Hizo ni saa 15. Zamani alikuwepo dada wa kazi. Alipoolewa, tulikaa kikao cha familia. Tukapanga watoto watafikia wapi wakitoka shule, funguo itabaki kwa nani, na nani atapokea mtungi wa gesi. Tomi, mbwa wetu, hakutajwa hata mara moja. Tulimfunga mnyororo asubuhi, tukamwachia ndoo ya maji, basi.

Najua wapo watakaosema mbwa ni wa ulinzi, habembelezwi. Sawa, tuzungumze ulinzi. Mbwa kwa asili ni mnyama wa kuishi na wenzake, na sisi binadamu ndio tumekuwa wenzake. Ukimfunga peke yake tangu alfajiri hadi usiku, kila siku, hawi mlinzi hodari. Anakuwa mwoga na mwenye hasira, anabwekea hata jani likianguka, mpaka majirani wanazoea kelele zake. Siku mwizi akiingia kweli, nani atashtuka?

Tena mbwa wa namna hiyo ni rahisi kumng’ata mtoto aliyeingia kufuata mpira wake. Hapo ndipo kesi inapokuwa kubwa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, na wengi wanaoupata duniani huupata kwa mbwa. Kwa hiyo chanjo ya kila mwaka ni lazima, hata kwa mbwa asiyetoka getini. Na mtu aking’atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama litapona lenyewe.

Lipo pia suala la sheria. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumwacha mnyama na njaa, kiu au mateso si jambo la mwenye nyumba na mnyama wake tu.

Sasa tufanyeje sisi ambao kazi hatuwezi kuiacha? Nitakueleza tulichofanya nyumbani kwetu.

Kwanza ni maji na kivuli. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ndiyo maana joto linaweza kumuua. Tuliweka vyombo viwili vizito visivyopinduka. Kisha siku ya mapumziko nikafuatilia kivuli. Mahali nilipomfunga palikuwa na kivuli kizuri saa 1 asubuhi, lakini kufika saa 6 palikuwa jua tupu. Mwaka mzima sikulijua hilo, kwa sababu saa 6 sipo nyumbani. Banda tukalihamishia upande wa pili wa mwembe na kuliezeka upya.

Pili, mnyororo tuliuondoa. Uzio wetu ni mzima na geti linafungwa, hakukuwa na sababu ya kumfunga.

Tatu, mwanangu mkubwa humtembeza kwa nusu saa kabla hatujatoka, akiwa ameshika kamba. Mbwa aliyetembea na kula hulala. Tunamwachia pia kipande cha kamba nene atafune, la sivyo atatafuna viatu. Na ukikuta ametafuna kiatu, usimpige. Alikitafuna saa 4 asubuhi. Fimbo ya saa 2 usiku hawezi kuihusisha na kiatu. Atajifunza tu kwamba ukirudi nyumbani anapigwa.

Nne, tafuta mtu wa katikati ya siku. Mbwa mkubwa akiachwa zaidi ya saa 6 hadi 8, inafaa aonwe na mtu. Kwa mtoto wa mbwa muda huo ni mrefu mno: anakula mara kadhaa kwa siku na mkojo hawezi kuubana. Kama nyumbani hakuna mtu kutwa, usichukue mtoto wa mbwa kwa sasa. Sisi tulizungumza na mzazi wa kijana anayesoma sekondari ya kutwa. Akitoka shule anapita, anabadilisha maji na kucheza naye kidogo. Kila Ijumaa tunampa chochote.

Mwisho ni safari. Desemba inakuja na wengi tutapanda basi kwenda kwetu kula sikukuu. Usimmwagie mbwa chakula cha siku tatu sakafuni ukaondoka. Siku ya pili kimechacha, na sisimizi wamemaliza kilichobaki. Mwachie mtu unayemwamini funguo, pesa ya dagaa na unga, kadi ya chanjo na namba ya daktari wa mifugo. Mtambulishe kwa mbwa wiki nzima kabla ya safari, asije akafika kama mgeni na kung’atwa. Ukikosa mtu wa namna hiyo, abaki mmoja wenu, au safari isubiri.

Juzi nilikutana na jirani yangu dukani. Akaniuliza habari za watoto, nikamwambia hawajambo. Akauliza, “Na yule wa chini ya mwembe?” Nikamwambia naye hajambo. Akasema amesikia, maana siku hizi mchana analala usingizi wake.

Wiki hii, siku moja ya mapumziko, kaa nyumbani uangalie mbwa wako anashindaje. Ona jua linampata wapi na maji yanaisha saa ngapi. Usisubiri jirani apande ngazi.

Tukutane wiki ijayo.