Toba Si Machozi

Neno tunaloliita toba katika Agano Jipya, kwa Kiyunani ni metanoia: kugeuka nia. Lakini wengi wetu tukisikia toba huwaza kilio na kifua kupigwa, kisha mtu arudie yale yale. Kosa hilo si la watafsiri wetu. Toba limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Linakaribiana sana na lile neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia kuwaita Waisraeli wamrudie Mungu. Ni sisi tuliolishusha likawa jina jingine la majuto. Kosa kama hili liliwahi kuwapata wasomaji wa Kilatini, ambao neno lao la toba, paenitentia, liliwafikirisha kitubio cha kutimizwa, hata Luther, mwanamageuzi wa kanisa, mwaka 1517 akaifanya hoja yake ya kwanza kati ya 95 kuwa toba ni ya maisha yote ya mwamini.

Pengine utanipinga ukisema maana ya neno haipatikani kwa kulipasua vipande. Ni kweli, basi tulitazame linavyotumika. Katika Luka 3, Yohana Mbatizaji alidai matunda ya toba, na watu wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaagiza walie. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, watoza ushuru wasitoze kupita kiasi, askari watosheke na mshahara wao. Yuda aliyemsaliti Yesu, kwa upande wake, anatajwa katika Mathayo 27:3 kwa neno jingine, metamelomai, nasi tukasema vyema kwamba alijuta. Alirudisha vipande 30 vya fedha, akaenda kujinyonga. Utasema tena kwamba yule mwana wa Mathayo 21:29, aliyekataa kazi ya baba yake, naye ametajwa kwa neno hilo la majuto. Naam, lakini yeye hakuishia kujuta, alikwenda shambani. Sidharau machozi, maana Paulo asema katika 2 Wakorintho 7:10 kwamba iko huzuni izaayo toba. Ila mzazi si mtoto, na huzuni isiyozaa haijawa toba.

Basi tusijipime kwa wingi wa machozi ibadani. Aliyepunja wateja atubu mizanini, na aliyemdhulumu yatima urithi amrudishie shamba lake.